Goli la Maganga na Refa Aliyekuwa Mtani Wetu

Jumapili, jioni. Ntalikwa.

Mawingu yamekaa tangu asubuhi na mvua hayatoi. Magoti yangu yanasema itanyesha usiku, na magoti yangu nayaamini kuliko redio. Nimeanua mihogo, nimefungia kuku, nimekaa. Moyo wangu leo ni mzuri. Una shukrani mpaka unanisumbua, ndiyo maana nimechukua simu niandike.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ni bibi, jina langu Nyamizi, shule sikuwahi kuingia. Herufi nilizijua nikiwa mtu mzima, kwenye kisomo cha kijiji, nina mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Hii blogu kanifungulia mjukuu wangu Zuhura. Naandika kwa kidole kimoja. Ukiona kosa, lipite kama unavyopita dimbwi.

Jana nilikwenda kibanda umiza cha Shabani, hapo njia panda, kuangalia mpira. Ndiyo, na umri wangu huu. Nina kiti changu cha plastiki pale mbele, na ole wake atakayekikalia. Ilikuwa mechi kubwa, na timu ninayoipenda siitaji, maana nusu yenu mtaacha kunisalimia. Tukafunga. Kibanda kikalipuka. Nilijikuta nimesimama bila fimbo.

Halafu refa akashika sikio.

Akasikiliza, akachora kile kisanduku hewani kwa vidole, akakimbilia kwenye televisheni ya pembeni mwa uwanja. VAR. Sote tukakaa kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Ikachorwa mistari, ikarudishwa picha, ikarudishwa tena. Bega la kijana wetu limezidi. Goli hakuna.

Vijana wakawaka. Mmoja akasema hii mashine imeletwa kuua mpira, mtu hawezi tena kushangilia mpaka apewe ruhusa. Fundi pikipiki wa hapo jirani akasema mashine haina kosa, wenye kosa ni walioishika. Wakabishana na picha wameiona wote kwa macho yao. Ndipo Shabani akanigeukia, akauliza kwa kunichokoza, "Bibi, zamani mliishije bila VAR?"

Walitegemea niseme zamani ilikuwa raha.

Nikawaambia zamani tuliishi vibaya, na mimi ilibaki kidogo tu niolewe Choma.

Wakacheka, mpira ukaendelea, hakuna aliyeniuliza nina maana gani. Basi, shajara, utaisikia wewe.

Miaka ile tulikuwa kijiji cha ujamaa, upande wa Goweko. Uhuru ulikuwa umeshapoa mikononi, sasa tukaambiwa tutoke kwenye vihame, yale makazi yetu ya zamani, tukakae pamoja. Kijiji kikawa na watu wa namna mbili. Tuliowakuta walikuwa na nyumba zao karibu na kisima, tukawaita watu wa Kisimani. Sisi tuliohamia tukapewa viwanja kule kwenye mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku, nao wakatuita watu wa Mabanini. Shamba moja la wote, duka moja, kengele moja ya kipande cha reli. Mwenyekiti kila mkutano alisema sisi ni ndugu. Mchana shambani tulikuwa ndugu kweli. Jioni kila mtu na upande wake.

Na mpira ulichezwa jioni.

Goli lilikuwa miti miwili na kamba ya katani juu yake. Wavu hakuna. Mpira ukipita chini ya kamba, goli. Ukipita juu, hewa. Sasa fikiria jua linazama, vumbi limesimama, kamba inacheza na upepo, na kijiji kizima kinaangalia kwa mapenzi. Refa akitoka Kisimani, sisi tulimwita mwizi. Akitoka Mabanini, wao walimwita mwizi. Mmoja alikimbizwa akajificha ndani ya bani, akatoka ananuka tumbaku mbichi mpaka mkewe akamlaza nje.

Mwenyekiti akapata wazo, na ilikuwa akili nzuri, mtu asije akasema alikuwa mjinga. Akasema refa awe Kibwana.

Kibwana alikuwa fundi cherehani. Mzaramo, kaletwa na ushirika kushona sare za watoto wa shule, akakaa barazani pa duka la kijiji na cherehani yake ya miguu. Na Mzaramo kwetu Wanyamwezi ni mtani. Siku hizi utani mnaujua wa kutumiana vikatuni kwenye simu. Huu ninaousema ulikuwa sheria. Babu zetu walibeba mizigo kwa miguu kutoka huku mpaka pwani, wakapita kwa Wazaramo, wakagombana, wakapatana. Katika kupatana wakawekeana kwamba mtani wako atakutukana na hutakasirika, atachukua kuku wako na hutashtaki, na ukifiwa atakuja kukuchekesha pale pale penye msiba. Kumpiga mtani ni aibu. Kumnunia ni aibu zaidi.

Kibwana na baba yangu walikuwa hawajui kusalimiana kama watu. Kibwana akimwona baba anakuja dukani, anasimamisha cherehani. "Mpagazi, mzigo wangu umeutua wapi?"

"Nimeutupa Ngerengere. Kaufuate, na wewe ujitupe hapo hapo."

Halafu wanagawana ugoro. Siku Kibwana asipoonekana, baba anauliza watu kama mtumwa wake kafa. Nami niseme ukweli, baba hakuwa na rafiki mwingine aliyempenda kama yule. Alikuwa na watu wa kuheshimiana nao. Wa kucheka naye alikuwa mmoja.

Basi Kibwana akashona bukta nyeusi ya kaniki, akatafutiwa filimbi, akawa refa. Mwenyekiti alikuwa amepiga hesabu sawasawa: nani atamkimbiza mtani? Ikafana. Watu wakaanza kuja uwanjani kwa ajili ya refa. Akipuliza faulo anamwambia mchezaji huo mguu umeazima kwa nani, mwenyewe anauhitaji. Aliyechezewa faulo anacheka, aliyecheza faulo anacheka, mpira unaendelea. Tukakaa msimu mzima bila ngumi.

Shida yangu ilikuwa moja tu. Nilimpenda refa.

Nilipeleka kitambaa anishonee gauni. Likatoka zuri. Nikalirudisha nikasema linabana. Akalilegeza. Nikalirudisha nikasema linapwaya. Mara ya tatu akaniambia gauni halina tatizo lolote, labda apimwe fundi. Nikajua amenielewa. Hakuwa mtu wa kuchezea wasichana. Akatafuta mzee wa heshima, akamtuma kwa baba kuniposa.

Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Akamwambia mshenga arudi akampe hongera yule Mzaramo, kwamba utani wa namna hii tangu azaliwe hajausikia. Mshenga akasema si utani. Baba akacheka upya. Akasema mahari ni tembo, tena tembo anayejua kufagia.

Mimi nilikuwa jikoni nasikia. Usinione sasa nacheka ninapoandika, siku ile nililia kwenye moshi ili mama adhani ni kuni.

Kibwana akamtuma tena. Baba akapandisha mahari, tembo wawili. Unaona ugumu wake? Angekuwa anachukia, angebembelezwa. Angekuwa anataka kitu, angepewa. Lakini mtu anayekupenda na hakuamini, utamfanya nini? Kila Kibwana alipojikaza na kusema hana masihara, ndipo baba alipoona masihara yamenoga.

Ikafika mechi ya mwisho wa msimu, Kisimani na Mabanini, mshindi apate mbuzi, ikiwa sare wagawane. Kaka yangu Maganga ndiye alikuwa mshambuliaji wetu. Namwita kaka, lakini tumeachana ziwa tu, mimi nikimfuata. Miguu alikuwa nayo, mdomo alikuwa nao zaidi.

Hakuna aliyefunga mpaka jua likawa chini. Maganga akapokea mpira, akampita mmoja, akampita mwingine, akapiga. Kamba ikatikisika. Kipa wa Kisimani kalala chini, mpira uko vichakani kule nyuma. Mabanini wakaingia uwanjani wote, wanawake vigelegele, Maganga kabebwa juu.

Kibwana akapuliza filimbi. Akaonyesha juu kwa mkono. Mpira umepita juu ya kamba.

Na watu wakacheka.

Hilo ndilo kosa letu, shajara, na sidhani kama kuna watu wengine duniani wangeweza kulifanya. Tulichagua refa ambaye hatuwezi kumkasirikia, tukasahau kwamba ni refa ambaye hatuwezi kumwamini. Baba alicheka kuliko wote, akasema, "Mtani kaanza mambo yake." Kibwana akaweka mpira kwa kipa, kipa akapiga. Wachezaji wetu walikuwa pembeni wanacheza ngoma. Wale wa Kisimani wakacheza peke yao mpaka filimbi ya mwisho, hawakuweza kufunga hata goli lisilo na mtu, na hilo Maganga anawacheka mpaka leo.

Kwa hiyo mechi moja ikawa na matokeo mawili. Mabanini tumeshinda moja. Kisimani wametoka sare. Kila upande ukaenda nyumbani na mechi yake.

Kibwana akatufuata mpaka kule Mabanini kusema hakutania. Alisimama katikati ya ngoma anasema jamani, kweli, goli si goli. Watu wakamshangilia. Mtani akisema hatanii, ndipo utani wenyewe umekolea.

Usiku ule tulichinja mbuzi.

Asubuhi Kisimani wakaja kumtafuta mbuzi wakakuta ngozi. Kengele ilipogongwa hawakuja shambani. Na ulikuwa wakati wa kuchuma tumbaku, jani likiiva halikungoji upatane na jirani yako. Sisi tukachuma sehemu yetu, yao ikaanza kugeuka rangi mashinani. Wanawake wao wakasimama kisimani, wakasema ndoo ya Mabanini haizamishwi hapa. Nilirudi na ndoo tupu kichwani, mimi na wenzangu, tukafuata maji mtoni.

Hapo kicheko kikaisha. Watu wetu wakaanza kumwona Kibwana kwa jicho lingine, kwamba huyu hajui pa kuacha. Wengine wakasema amepewa kitu na Kisimani. Na baba, aliyecheka kuliko wote, ndiye aliyechacha kuliko wote.

Akaniita. Baba hakuwa na tabia ya kuniita peke yangu. Akasema, "Yule mtu kanitania kwa goli la mwanangu, kanitania kwa binti yangu. Mtu asiyejua kipi cha kuchezea, atajuaje kukutunza?" Akanieleza kuna mtu wa Choma, kafiwa na mkewe, ana ng'ombe wa kutosha, watu wake wamekuja kuuliza mara mbili. Jumapili watakuja tena, naye atawakubalia.

Sina ubaya na Choma. Lakini yule mzee nilishamwona mnadani, alikuwa anamfokea mke wa mdogo wake kama anafokea ndama.

Mwenyekiti kwa upande wake aliona tumbaku inaharibika, akatangaza jambo ambalo mimi nikiwaeleza vijana wa kibanda cha Shabani hawatanielewa. Akasema kila mtu arudi uwanjani jioni, asimame pale pale alipokuwa amesimama, na lile goli lirudiwe.

VAR hiyo. Mtakataa?

Tukaenda. Maganga kasimama kwake, mabeki kwao, kipa kwake, wanawake upande wetu, wanaume upande wao. Wakabishana kwanza nani alikuwa wapi. Beki mmoja wa Kisimani aliyepitwa kama mti akadai alikuwa karibu kabisa, alimgusa. Kipa akasema alikuwa ameruka, wakati wote tulimwona anaangalia kaka yangu kama anaangalia harusi. Maganga akapiga, mpira ukapita chini ya kamba kama kwa mkono. Mabanini wote: si mmeona? Kisimani wakasema aah, siku ile alipiga kwa mguu mwingine. Akapiga tena, ukaenda juu mbinguni. Kisimani wote: si mmeona? Akapiga tena na tena. Kila aliyepewa nafasi ya kujiigiza alijiigiza hodari kuliko alivyokuwa. Mwisho kamba ikakatika, na sasa hata goli lenyewe hatuna.

Ndiyo maana, wajukuu zangu, ile mashine mnayoitukana mimi naipenda. Mashine haijiongezei urefu. Haina kaka uwanjani. Mchezaji anarudishwa kama alivyokuwa, na uvivu wake na bega lake. Siku ile tungekuwa na ile televisheni ya pembeni, Kibwana angekwenda, angeangalia, angerudi, na mambo yamekwisha kabla mbuzi hajachinjwa.

Au yasingekwisha. Jana nimewaona watu wazima wanabishana na picha. Kwa hiyo sijui. Kuona ni kazi moja, kumsadiki aliyeona ni kazi ya pili, na hiyo ya pili siku ile ndiyo iliyotushinda.

Tukabaki tumesimama. Jua linaondoka. Ndipo baba akatoka upande wa wanaume, akaja mpaka katikati, mbele ya Kibwana. Uwanja wote ukasikiliza. Akamwambia, "Wewe ni mtani wangu. Leo nakuomba uache. Lile goli liliingia au halikuingia?"

Mimi nilielewa, na najua Kibwana alielewa. Angesema liliingia, Mabanini tungembeba. Baba angecheka, mambo ya posa yangezungumzika, watu wa Choma wangeambiwa wageuze. Neno moja tu. Nilimwombea alitamke. Naam, nilimwombea aseme uongo, na sijutii, nilikuwa msichana na Jumapili ilikuwa karibu.

Kibwana akavua kofia. Akainama, chini kabisa, kichwa kikawa sawa na magoti ya baba.

"Shikamoo, baba," akasema.

Watu walishtuka. Mtani hatoi shikamoo! Mtani anakuuliza mzigo umeutua wapi. Shikamoo ile, kwa kuinama kule, ni ya mkwe kwa baba mkwe, na kati ya hao utani haupiti hata kidogo. Mkwe hamtazami mkwewe usoni, hamtanii, hamtaji jina. Mtu akishatoa salamu hiyo amefunga mlango wa nyuma, hawezi tena kurudi kuwa mtani.

Kisha akasema akiwa bado ameinama kwamba mpira ulipita juu ya kamba, na goli hakuna.

Baba alikuwa na njia mbili. Angemjibu kwa utani, aseme simama wewe mtumwa, wote tungecheka kwa ahueni na kila kitu kingerudi kilipokuwa. Rafiki yake angerudi. Lakini akimjibu salamu, amempokea mkwe, na kwa kumpokea mkwe amelipokea na neno lake, maana mkwe hakudanganyi mbele za watu. Nilimwona baba anamtazama Maganga. Maganga anatikisa kichwa, usimjibu, baba, usimjibu.

"Marahaba, mwanangu," baba akasema.

Akamgeukia mwenyekiti. "Halikuingia. Kisimani nitawapa mbuzi wangu." Akaondoka, hakumngoja mtu.

Asubuhi kengele ikagongwa, Kisimani wakaja. Tulichuma upande wao mpaka vidole vikanata. Jumapili watu wa Choma walipewa uji na maneno mazuri. Mimi nikaolewa baada ya mavuno, gauni nililovaa ni lile lile lililokuwa linabana na kupwaya.

Lakini usidhani baba hakulipa. Alilipa. Baada ya hapo Kibwana akija nyumbani anakaa mbali kwenye kigoda, anaangalia chini, anajibu ndiyo baba, hapana baba. Baba anakohoa, anaulizia afya. Wanaume wawili waliopendana wakakaa na adabu kati yao mpaka nikawahurumia. Siku moja nilimsikia baba peke yake barazani, anaona Kibwana anakuja kwa mbali, akanong'ona lile swali la zamani la Kibwana, "Mzigo wangu umeutua wapi?" Alipofika karibu akamuuliza habari za mvua.

Na siku alipofariki baba, Wazaramo wengine walikuja kutania penye msiba kama kawaida, wakalala kaburini wakidai walipwe kwanza. Watu wakacheka. Kibwana hakuruhusiwa. Alisimama nyuma ya wakwe, analia kama sisi.

Nashukuru. Nashukuru kwa baba aliyetoa alichokipenda ili mimi nipate nilichokipenda. Nashukuru kwa mwanamume aliyekataa kunipata kwa uongo, nami nikaishi naye miaka yote nikijua akisema kitu ndicho. Alikuwa na kasoro zake, alikoroma na alikuwa bahili wa sukari. Lakini nilipomuuliza kama nimenenepa alisema ndiyo.

Na nashukuru kwa waamuzi wa siku hizi. Jana refa alikubali goli, akaenda akaangalia, akarudi mbele ya uwanja mzima na dunia nzima akasema nilikosea. Na akalala nyumbani kwake salama. Zamani refa akigeuza neno lake ni mwanamke, ni mla rushwa, ni kumfukuza. Kama mashine imewapa wanaume ruhusa ya kusema nilikosea, mimi bibi yenu nasema iletwe mpaka Ntalikwa, iwekwe na nyumbani. Nikimwona refa anakimbilia ile televisheni huwa namfikiria mkewe. Yuko mahali, kashika tama, hajali nani kashinda.

Nilikuwa nimemaliza hapo, nikaweka simu chini nikapika. Simu ikalia. Maganga.

Yuko Tabora mjini kwa mwanawe, miguu ile imevimba, haendi popote, kaletewa televisheni chumbani. Naye aliiona mechi ya jana. Kanisalimia haraka haraka, nikajua anakokwenda.

"Dada mdogo, umeona wanavyopima siku hizi? Kwa kipimo kile langu lilikuwa goli."

"Halikuingia, Maganga."

"Shemeji keshatangulia, baba keshatangulia. Tumebaki mimi na wewe. Nipe tu."

Hilo lilinigusa. Anaumwa, na ni ndugu yangu wa mwisho aliyebaki. Ningempa nini cha bei rahisi kuliko goli la zamani kwenye uwanja ambao sasa ni shamba la mahindi? Lakini likiingia lile goli, basi ile shikamoo ilikuwa utani, na marahaba ya baba ilikuwa utani, na mimi na watoto wangu wote ni masihara ya Mzaramo. Nikamwambia halikuingia, anywe dawa zake, kesho nitapanda bodaboda nije nimpikie ugali na mlenda.

Akacheka. Mshambuliaji yule yule. "Na wewe ulikuwa pale mbele na wanawake wenzako. Hujawahi kuniambia uliona nini hasa."

Nikamwambia salio linakwisha, na aliyepiga simu ni yeye.

Sasa mvua imeanza, magoti yalisema kweli. Nimekaa peke yangu na swali lake. Niliona nini? Niliuona mguu wa Maganga unarudi nyuma kupiga. Baada ya hapo uwanja mzima uliangalia mpira, na mimi sikuuona ulikokwenda.

Nilikuwa namtazama refa. Na refa alikuwa anaitazama kamba.